Sinia la Kuzunguka: Pesa Yako Iko Ukingoni

Ukienda kwa fundi seremala wa Itiryo, Tarime, kuagiza sinia la mbao la kuzunguka mezani, maswali mawili ya kwanza ni mepesi: upana gani, na mbao gani. La tatu ndilo linalowashinda wateja: ukingo uwe vipi? Wengi hujibu, "Wewe ndiye fundi, fanya tu upendeze." Hapo ndipo bei inapotoka mikononi mwa mteja, kwa sababu kati ya ukingo wa bei ya chini na wa bei ya juu pana tofauti kubwa kuliko kati ya mbao mbili za kawaida.

Kifaa chenyewe hakina siri. Ni duara la mbao juu ya kitako, katikati kuna beringi, na juu yake unapanga bakuli za mboga, samaki, pilipili, chupa ya chai na sukari. Mtu anavuta ukingo kwa kidole, anachotaka kinamfikia, bila kupitisha mkono juu ya sahani ya baba mkwe. Mtandaoni huuzwa kwa jina la Lazy Susan. Mwaka 1915 daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyekwisha kupata sifa kwa kupambana na tauni ya mapafu huko Manchuria, aliwapendekezea Wachina sinia la namna hii kwa sababu ya kifua kikuu. Badala ya kila mlaji kuchovya vijiti vyake katika bakuli la wote, chakula kimzungukie kikiwa na kijiko chake cha kupakulia. Nyumba yenye watu wanane na bakuli moja la dagaa itamwelewa haraka.

Kabla ya ukingo, tuumalize upana, maana ndio unaoamua mbao ngapi zinaliwa. Ubao wa inchi 8 ukishapigwa randa pande zote mbili ili uunganike vizuri na mwenzake, unabaki na sentimita 19 hivi. Mbili zinakupa 38, yaani duara la sentimita 37. Ukitaka 45, mbili hazitoshi. Inabidi uongeze kipande cha tatu kwa ajili ya sentimita 8 tu, na kilichobaki kinaishia jikoni kuwa kuni. Mbao tatu za inchi 6 zinatoa duara la 42. Tatu za inchi 8 zinatoa la 55. Basi agiza 37, 42 au 55, kulingana na mbao fundi alizonazo. Arobaini na tano ni saizi nzuri kwenye picha, lakini kwa mbao zinazouzwa kwa inchi ni hasara. Duara la 37 linabeba bakuli nne za sentimita 15, na kwa familia ya watu watano au sita linatosha, ugali ukikaa pembeni kwenye sahani yake.

Sasa ukingo.

Wa kwanza ni mnyoofu: duara limekatwa, upande umesimama wima, na kona za juu na chini zimeuliwa kwa randa au tupa. Huu ndio unaoweza kutoka vizuri kwa fundi asiye na kerezo, hata siku umeme umekatika, kwa msumeno mwembamba, tupa na msasa. Cha kusimamia hapa ni kona ziuliwe kiasi gani. Ninashauri milimita 2 hadi 3. Chini ya hapo vanishi haikai, kwa sababu kitu chochote cha majimaji hukimbia kona kali na kubaki chembamba mno. Baada ya miezi ya kufutwa kwa kitambaa kibichi, kona ndiyo ya kwanza kuonyesha mbao tupu, na maji yanaingia hapo. Kasoro ya ukingo huu ni ya macho na ya vidole. Unene wote wa ubao unaonekana, sinia linakuwa zito kwa kulitazama, na likiwa limekaa chini karibu na meza huna pa kupenyeza kidole ili ulinyanyue.

Wa pili ni nusu duara, ule unaopatikana kwenye masinia mengi ya dukani. Mkononi ni mzuri kuliko yote, haumuumizi mtoto akijigonga. Lakini una tabia ambayo muuzaji hakuambii: mchuzi ukimwagika juu, haudondoki. Unaufuata mviringo, unapinda nao hadi chini, na kutoka hapo unatambaa kuelekea beringi. Ukiupenda ukingo huu, mwambie fundi akate mfereji wa milimita 3 upande wa chini, sentimita moja ndani ya ukingo, kuzunguka duara lote. Maji yakifika kwenye mfereji yanakwama na kudondoka. Ni kazi ya dakika chache duara likiwa bado kwenye kerezo, na ni kero tupu likishatolewa.

Wa tatu ndio ninaoutetea: juu panabaki bapa, kona ya juu inauliwa kidogo, halafu upande wa chini unapigwa mteremko unaoingia ndani kama nyuzi 40 hivi, mpaka unene unaoonekana ukingoni ubaki milimita 8. Ubao ni uleule wa inchi moja, ambao baada ya randa una sentimita 2, lakini aliyekaa mezani anaona kitu chembamba kinachoelea. Kidole kinaingia chini yake bila kutafuta. Mchuzi ukifika ukingoni unakutana na kona na kudondoka palepale, hauna mviringo wa kuufuata.

Kwa nini milimita 8 na si 4, ambayo ingependeza zaidi? Angalia nyuzi. Nyuzi za mbao zinakwenda upande mmoja, ukingo unazunguka. Kwenye sehemu mbili zinazotazamana, ukingo unaonyesha vichwa vya nyuzi. Kwenye sehemu mbili nyingine, nyuzi zinalala sambamba na ukingo. Vichwa vya nyuzi ndivyo vinavyomchelewesha fundi: msasa unasugua bila kumaliza mikwaruzo, vanishi inanywewa, na pale panakuwa peusi kuliko pengine. Nyuzi zilizolala zinalainika upesi, ila zina udhaifu wake. Ukingo mwembamba ukigongwa hapo kwenye karo wakati wa kuosha, kinabanduka kipande kirefu kilichopinda kama kucha iliyokatwa, na hakirudi. Milimita 8 inavumilia. Kwa mbao laini ya msindano, weka 10.

Wa nne ni ukingo ulioinuka, wenye ukuta mdogo kuzunguka. Huu huuzika kwa maneno. Fundi anasema, "Mama, nikuinulie kidogo hapa, vikombe visianguke?" na mama anakubali kabla hajauliza gharama. Jibu la busara ni swali: "Fundi, utaukereza humohumo kwenye ubao, au utabandika?"

Swali hilo lina uzito. Kama ukuta unakerezwa humohumo, fundi anahitaji ubao wa inchi 2 badala ya 1, kisha anachimba katikati yote ili ukuta ubaki. Mbao uliyolipia inakuwa vumbi sakafuni. Kama anabandika, atazungusha ukanda mwembamba pembeni kwa gundi na misumari midogo, na bei inashuka. Tatizo ni kwamba mbao hupungua na kupanuka kwa upana wake, si kwa urefu. Duara la sentimita 42 lililotengenezwa na mbao ambayo haijakauka sawasawa linaweza kupungua milimita 5 na zaidi upande mmoja, wakati upande wa pili halisogei. Linakuwa yai. Ukanda wa pembeni hauwezi kulifuata. Unaachia gundi pande mbili na kuacha mwanya unaomeza unga na mafuta. Katika nyanda hizi za Tarime, zenye miezi ya mvua na miezi ya jua kali, ukanda wa kubandika una maisha mafupi. Ukiulazimisha ukuta, ulipie ule wa kukerezwa.

Hata huo una gharama zisizoandikwa kwenye risiti. Ukuta wa sentimita 2 kila upande kwenye duara la 42 unaacha sentimita 38 za kutumia, yaani asilimia 82 ya nafasi. Sahani kubwa haiwezi tena kutokeza nje ya ukingo. Na pale ukuta unapokutana na sakafu ya sinia, kama fundi ameacha pembe badala ya mkunjo wa mviringo, utakuwa unachokonoa ugali mkavu kwa ncha ya kisu kila jioni. Ninaukubali ukuta kwa nyumba mbili tu: ile inayotumia sinia kwa vikombe vya chai na kahawa peke yake, na ile yenye watoto wa kulizungusha kama gurudumu. Hata huko, milimita 5 za kimo zinatosha kuzuia kikombe kuteleza, na milimita 5 zinaweza kutoka kwenye ubao wa inchi moja na nusu.

Urembo, yaani ukingo wa mawimbi, vikuku na mifereji, nautaja kwa kupita. Mafundi wa Lamu na Siyu walikereza vikuku vizuri sana kwenye miguu ya vitanda na viti, wakavipaka rangi mistari kwa mistari. Mguu wa kitanda hauchovywi mchuzi. Kila mfereji kwenye sinia la chakula ni mahali pa mafuta ya samaki kulala.

Tuje kwenye hesabu. Naweka saa ya fundi shilingi 5,000, na ubao wa mgrivea wa inchi 1 kwa 8, futi 12, shilingi 12,000. Wewe weka bei za fundi wako na uone kama uwiano unabadilika. Duara la 37 linakula sentimita 80 za ubao huo, ambazo ni kama shilingi 2,600, na kitako cha sentimita 25 kinafikisha mbao kwenye 4,000. Kuunganisha, kupiga randa, kukata duara, kufunga beringi, kusugua uso na kupaka ni kazi ya saa nne, yaani 20,000. Beringi, gundi nyeupe, msasa na vanishi, weka 15,000. Jumla 39,000, na ukingo bado haujaguswa.

Ukingo mnyoofu ni nusu saa: 41,500. Nusu duara na mteremko wa chini kila mmoja ni robo tatu ya saa: 42,750. Urembo, ambao kusugua kwake ndiko kunakokula muda, ni saa moja na nusu: 46,500. Ukuta wa kukerezwa ni saa mbili na nusu na mbao maradufu: 54,100. Ukuta unakuongezea asilimia 30 hivi juu ya ukingo mnyoofu. Mteremko wa chini unakuongezea shilingi 1,250. Kwa 1,250 unapata wembamba, pa kushikia na mahali pa mchuzi kudondokea. Sioni pesa nyingine kwenye hesabu hii inayonunua vingi hivyo.

Ila mteremko unahitaji kerezo, au rauta na mkono uliotulia. Kwa hiyo pana nauli ya kuhesabu. Kama fundi wa jirani hana mashine, unaweza kumpa kazi ya kuunganisha na kukata, kisha duara likaenda Tarime au Sirari kukerezwa ukingo tu, siku ambayo una safari nyingine. Kulisafirisha peke yake kwa bodaboda kwenda na kurudi kunafuta faida yote. Hapo bora ukingo mnyoofu. Kabla hujapeleka, uliza: kutoka ncha ya kerezo hadi kitanda cha mashine ni sentimita ngapi? Makerezo mengi yametengenezwa kwa miguu ya vitanda na masofa, vitu virefu vyembamba. Kama nafasi ni sentimita 15, duara kubwa linaloingia halifiki 30, labda fundi awe na namna ya kulifunga upande wa nje wa mashine.

Na usishangae fundi akitoza zaidi kwa duara kubwa. Kerezo likizunguka mara 600 kwa dakika, ukingo wa duara la 37 unakwenda kilomita 42 kwa saa. Ukingo wa duara la 55, kwa mizunguko ileile, unakwenda 62, zaidi ya kikomo cha 50 cha magari kwenye maeneo ya makazi. Yeye amesimama mbele yake na patasi. Mwenye akili atapunguza mwendo, kazi itachukua muda mrefu, na muda huo ni halali yake. Kipande kilichounganishwa jana jioni asikubali kukikereza leo asubuhi. Ukimharakisha, unamharakishia ajali.

Kuhusu mbao, mgrivea unaokua kwenye mashamba ya kahawa na mipakani mwa viwanja ndio chaguo la kwanza kwa hapa. Haupandi bei kwa ajili ya safari ndefu, na ukipasuliwa vizuri unaonyesha madoa yanayong'aa ambayo mbao nyingi za bei mbaya hazina. Unachanika ukipigwa randa kinyume cha nyuzi, na vumbi lake huwawasha baadhi ya watu, kwa hiyo fundi afunge kitambaa. Msindano ni rahisi kukata, lakini ukingo wake unabonyea kwa kugongwa na kijiko. Mkaratusi ni mgumu na mzito, tatizo ni kupinda na kupasuka unapokauka. Mninga ni mfalme kwa kazi hii, kwa kuwa unapungua kidogo mno ukikauka na ukingo wake unabaki ulivyokerezwa. Lakini unatoka kwenye miombo ya Tabora na Katavi, na gharama ya safari hiyo inakungoja kwenye bei. Ukinunua mninga au mvule, nunua kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na uchukue risiti. Mbao isiyo na karatasi inaweza kuishia kizuizini ikiwa safarini. Kwa ukingo wa mteremko, mgrivea uliokauka vizuri unanitosha.

Masinia ya dukani, ya mianzi, kioo au plastiki, yana ukingo uliokwisha kuamuliwa kiwandani, na mara nyingi ni nusu duara bila mfereji. Faida yake ni kwamba unalipa leo na kuondoka nalo leo. Kabla ya kulipa, ligeuze upime kitako. Chukua sinia la 55 lenye kitako cha 25. Chupa ya chai ya lita 3 iliyojaa ina kilo 4 na kitu. Ikiwekwa karibu na ukingo, inabaki kilo moja tu ya mkono wa mtoto ukingoni kabla sinia zima halijainuka upande wa pili. Sinia la 37 lenye kitako hichohicho halina shida hiyo, kwa sababu uzito wa chupa unaangukia ndani ya kitako popote utakapoiweka. Kwa duara la 55 dai kitako cha 35.

Beringi bapa za sinia zikikosekana, maduka ya vipuri vya pikipiki yanazo za namba 6202, tundu milimita 15, upana wa nje 35. Inazunguka vizuri, lakini moja peke yake inayumba mzigo ukikaa upande. Fundi wa kerezo anaweza kukata mfereji wa duara kwenye kitako na kupanga gololi za kioo za watoto kuzunguka, beringi ikibaki kushika katikati tu.

Jambo la mwisho la kumwambia fundi ni kwamba uso wa chini wa duara uachiwe alama ya kitovu, tobo dogo la msumari palepale lilipofungwa kwenye kerezo, na kitako kifungwe kwa skrubu, si kwa gundi. Ukingo mnyoofu ukipata jeraha, unausugua mwenyewe kwa msasa namba 120 kisha 240 na kupaka vanishi upya. Ukingo wa mteremko ukibanduka unarudi kwenye kerezo, unakatwa milimita 4 au 5 kuzunguka, na unapigwa mteremko upya kwa robo tatu ya saa ileile. Bila kitovu, fundi atatumia muda zaidi kukitafuta kuliko kuukereza ukingo, na atakutoza vyote viwili.